Kumi na Nane kwa Chaki

Kila alfajiri, kabla hata hajafikicha tongotongo, msichana mmoja wa miaka kumi na miwili alikuwa keshachuchumaa kando ya tairi. Gari lilikuwa la zahanati, lile refu la kupita njia mbovu, na dereva wake alikuwa baba yake. Mtaani walimwita Kipimo, maana geji ya kupimia upepo haikumtoka mkononi.

Siri ya kazi hiyo ilikuwa magoti ya baba. Yalimharibikia miaka miwili nyuma, na tangu hapo kuchuchumaa hakuwezi. Zahanati hawakujua. "Wakijua, mwanangu, watanipokonya gari," alimwambia bintiye. "Wewe ndiye magoti yangu." Basi Kipimo alipima, akaandika namba kwa chaki juu ya kila gurudumu, na baba akapita akizisoma kwa kusimama wima kama mkuu anayekagua gwaride.

Namba zilikuwa mbili tu. Kwenye lami, thelathini na tano, kwa sababu tairi lenye upepo kidogo hupata moto likapasuka. Kwenye mchanga wa mto mkavu, nyuma ya mji, kumi na nane. Tairi lililopunguzwa upepo hutanuka likapita juu ya mchanga, lakini lililojaa hujichimbia shimo.

"Kesho tunapeleka chanjo ng'ambo ya mto," baba alisema Jumatano jioni. "Kumi na nane, yote manne."

"Haya, baba."

Asubuhi ya Alhamisi mwalimu wa michezo alikuwa akichagua timu ya netiboli, na alikuwa ameapa kwamba atakayechelewa, habari za timu atazisikia kwa majirani. Kipimo alipunguza upepo wa matairi ya mbele, akapima, akaandika. Alipofika nyuma, vifuniko vya vali vilikuwa vimegandiana na matope. Alipindua hadi vidole vikamuuma.

"Wewe Kipimo!" rafiki yake aliita kutoka getini. "Utayabembeleza hayo matairi mpaka lini? Wenzio wameshapanga mstari!"

Kipimo alitazama kifuniko, akatazama geti. Kisha akaandika juu ya matairi ya nyuma: 18, na 18. Akatimua mbio. Alichaguliwa, tena wa kwanza, na siku nzima darasani alitembea kifua mbele.

Aliporudi kutoka shuleni alilikuta gari uani mwa zahanati, limejaa mchanga hadi madirishani. Chaki yake ilikuwa bado inasomeka. Muuguzi alikuwa ameketi kwenye ngazi, gauni lake jeupe limekuwa la kahawia.

"Sista, kuna nini?"

Muuguzi alimweleza bila kumwangalia. Asubuhi walikwenda salama, mchanga ukiwa bado na umande na gari likiwa jepesi. Ng'ambo, hata kasha la chanjo hawajalifungua, watu walimleta Mama Cherehani, mshonaji wa mtaa wao, aliyekuwa amekwenda kumwona mama yake. Nyoka alikuwa amemgonga mkono wa kulia akiokota kuni. Dawa ya sumu ilikuwa huku, zahanati. Wakampakia yeye na ndugu zake wanne, wakageuza. Jua lilikuwa limekausha mchanga, na katikati ya mto magurudumu ya nyuma yakazama.

"Nikamwambia baba yako, punguza upepo. Akaniambia umeshapunguzwa, binti yangu kapima. Akachukua sepetu, akachimba. Kila nikimwambia, ananionyesha chaki yako. Saa mbili nzima, na yule mama analia mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe alilala kifudifudi mchangani akapima mwenyewe." Muuguzi alikung'uta mchanga kwenye gauni. "Thelathini na tano. Kupunguza hakukuchukua hata robo saa, tukatoka."

"Mama Cherehani yuko wapi?"

"Wamempeleka hospitali. Atapona, ila vidole viwili vitakatwa."

Kipimo alijitazama. Alikuwa amevaa sare aliyoshonewa na vidole hivyo.

Mlango wa mganga mkuu ulikuwa wazi. Ndani baba alikuwa amesimama, kofia mkononi. "Kosa ni langu, daktari," alikuwa akisema. "Sikupima."

Angeweza kunyamaza. Baba alikuwa ameshaubeba mzigo, na hakuna ambaye angemuuliza mtoto wa shule. Kipimo akapiga moyo konde, akaingia bila hodi.

"Si baba. Niliandika mimi. Ya nyuma sikuyapima, nilikuwa nawahi mpira."

Mganga mkuu akamgeukia baba. "Mtoto? Anapima mtoto?"

Baba akasema habari ya magoti yake, yote. Alipomaliza, akatoa ufunguo mfukoni akauweka mezani kabla hajaombwa. Tangu wiki iliyofuata gari liliendeshwa na kijana mwingine, na muuguzi akawa haondoki mpaka amepima naye matairi yote manne. Baba alipewa kiti getini, amwelekeze kijana huyo njia na namba zake. Hakuna tairi lililozama tena, ila baba kila gari lilipotoka alitazama pembeni.

Hakumchapa bintiye. Afadhali angemchapa. "Ungeacha pale patupu," alimwambia, "ningepima mwenyewe, hata kwa kulala chini. Niliamini maandishi yako kuliko macho yangu. Na mimi ndiye niliyekufundisha kuficha. Hilo nalo nalijua."

Mama Cherehani aliporudi nyumbani, Kipimo alikwenda kumwomba msamaha. Alimkuta mbele ya cherehani iliyofunikwa kitambaa, mkono umefungwa bendeji. Alianza kwa kulia, kisha akasema yote.

Mama Cherehani hakumwambia yameisha. "Msamaha nimekupa, mwanangu," alisema. "Vidole hujanirudishia, wala huwezi. Miaka ishirini napima watu kwa futi. Nikiona haya kusema sijakupima, nikabahatisha, gauni litakubana, nitalifumua. Namba yako wewe haikufumulika. Kama hujapima, sema hujapima. Watakukasirikia kwa dakika moja tu."

"Ndiyo, mama."

"Haya, futa machozi. Nitungie uzi huu. Siku hizi sindano inanishinda."

Kipimo alilowanisha ncha ya uzi, akaupitisha tunduni. Kesho yake alirudi akatunga mwingine, na keshokutwa pia. Mwaka mzima, kila akitoka shule, alipita pale kwanza, na kila mara Mama Cherehani aliuvuta ule uzi mwenyewe, kuhakikisha umeingia kweli, ndipo aanze kushona.