Mahari ya Tairi Mbili

— Amesema nini?

— Tairi, kaka. Tairi mbili za baiskeli, pamoja na tyubu zake.

Ami Mwinyijuma alikiweka chini kikombe cha kahawa taratibu, kama aliyeambiwa ndani mna nge. Pale sebuleni Makorora walikuwa wameketi wazee watatu wa upande wa Yakoub mwenye duka, wamekuja kusikia jibu la posa. Chumbani, nyuma ya pazia, alikuwamo Thuwaiba, mkunga wa zahanati, miaka ishirini na sita, ameuma upindo wa kanga asije akacheka. Na kati ya pazia na wazee alikuwa akipita shangazi Mboni, kupeleka na kurudisha maneno.

— Kamwulize tena, alisema Ami. — Wenziwe huomba kitanda, huomba mkufu, huomba msahafu.

Shangazi akaingia, akatoka na uso mkavu.

— Anasema mahari ni haki yake, na kitanda hakimfikishi Tongoni kwa wajawazito wake anaowazalisha. Anataka tairi za huku na huku. Kwenye lami ziende, kwenye mchanga ziende. Atazipanda mwenyewe azijaribu. Zikimfaa, ndoa. Zisipomfaa, kila mtu na kwao.

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema hajapata kusikia jambo kama hilo tangu azaliwe. Mwenzake akasema kutosikia si kukatazwa. Wakamaliza kahawa, wakalichukua sharti lao, wakaenda.

Thuwaiba akajitupa kitandani akacheka mpaka akashika mbavu. Mwaka ule sabuni yenyewe ilikuwa ya mgawo, sukari mpaka upange foleni alfajiri, na tairi mpya Tanga nzima hujaiona hata kwa kuota. Watu walikuwa wakishona tairi kwa mshipi wa kuvulia samaki na kuzishindilia matambara ndani. Yakoub atatafuta mpaka ndevu ziote mvi, achoke, aende akaoe kwingine, na hakuna aliyemtukana.

— Umemkataa kwa adabu, alisema shangazi Mboni. Akakaa ukingoni mwa kitanda. — Sasa niambie huyo unayemtaka.

— Simtaki mtu.

— Baiskeli yako inapata pancha mara nne kwa wiki. Misumari yote ya Tanga inakutafuta wewe?

Thuwaiba akageukia ukutani. Shangazi alikuwa amegonga penyewe. Fundi Fadhil, mwenye kibanda nyuma ya msikiti, alikuwa akiziba tairi zile mwaka wa tatu, kiraka juu ya kiraka, hadi tairi yenyewe ilikuwa imebaki kama mgeni kwao. Mikono yake ilikuwa na heshima na kila alichokishika. Ila mdomo! Muda wote huo alikuwa hajamwambia Thuwaiba neno lililopita "Upepo umetosha?"

Miezi miwili baadaye, shangazi Mboni aliingia mbio, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi.

— Mwanangu, tumekwisha! Serikali imeruhusu mwenye fedha zake za nje alete bidhaa. Lori limeshusha kwa Yakoub. Vitenge, sabuni za kunukia, na tairi zimepangwa mpaka darini!

— Tairi za gari hizo.

— Baiskeli! Aina tatu! Nimezishika kwa mkono wangu huu.

Thuwaiba akakaa chini. Sharti lake lilikuwa limemgeukia. Angesema hapana sasa, Ami angeaibika mbele ya mji mzima, na Ami ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofia Pemba. Akachukua karatasi, akaandika:

"Fadhil, niliomba tairi kwa kuwa hazikuwapo. Sasa zipo, na Yakoub anazileta Jumamosi. Kama una neno la kusema, hii ndiyo siku yake. T."

Shangazi aliipeleka mwenyewe, akarudi na jibu nyuma ya karatasi ile ile, lenye alama ya dole la grisi:

"Nimesoma. Gurudumu la nyuma linacheza kidogo, usiende nalo mbali. F."

— Ndiyo barua ya mapenzi hiyo? aliuliza shangazi.

Thuwaiba aliikunjakunja akaitupa uvunguni. Baadaye akainama akaiokota.

Jumamosi asubuhi Yakoub alifika amevaa kanzu iliyopigwa pasi ikakatika mistari, nyuma yake mchukuzi na jozi ya tairi. Zilikuwa nene, kashata zake za mpira zimechomoza ndefu kama meno ya mamba. Majirani walijaa barazani kama pana maulidi.

— Shikamoo, Ami.

— Marahaba. Hizo ni za baiskeli au za trekta?

— Ndizo kubwa kuliko zote, Ami. Mimi siiletei nyumba hii kitu kidogo.

Fundi akaitwa azifunge. Na fundi mtaa ule ni mmoja tu. Fadhil alikuja na mkoba wake wa spana, akachuchumaa, akafunga ya mbele, akafunga ya nyuma, akajaza upepo. Thuwaiba alisimama juu yake akimtazama kisogo kwa jicho ambalo lingekausha nguo.

— Upepo umetosha? aliuliza Fadhil bila kuinua uso.

— Wewe ndiye utakayeniambia kama umetosha, alijibu Thuwaiba, akalifunga buibui kiunoni, akapanda.

Njia nzima alikuwa akipanga uongo wake. Angesema zinauma, zinanuka, zinamtia kizunguzungu, lolote. Lakini hazikumfikisha kwenye uongo. Kwenye lami zilinguruma kama mashine ya kusaga, watu wakitoka madukani kuona kinachokuja, na miguu ikawa mizito kana kwamba amempakia Yakoub mwenyewe nyuma. Lami ilipoisha akaingia barabara ya udongo iendayo Pangani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kashata zile zikauzoa udongo, zikaupandisha chini ya madigadi, yale mabati ya kukinga tope, udongo ukajaa, ukashindiliwa, gurudumu likakataa kata kata. Thuwaiba akaenda chini, pu! Akainuka, akajikagua, akaangalia kulia na kushoto. Akacheka peke yake katikati ya barabara. Alikuwa ameepushwa na dhambi.

Alirudi akiisukuma baiskeli, matope hadi kwenye nyusi.

— Ami, sijatia neno langu hata moja, alisema. — Zitazame mwenyewe.

Ami akazitazama. Barazani watu wakaanza kuvunjika mbavu. Yakoub uso ulimwiva.

— Nilijua! alipiga kelele, kidole kwa Fadhil. — Fundi huyu ndiye aliyeniponza!

— Kakuponza vipi? aliuliza Ami.

— Nilimwendea Alhamisi anishauri. Akaniambia niache zile nyembamba za kipara, mchangani zinazama. Niache na hizi, zinakula nguvu kwenye lami na kubeba udongo. Akasema nichukue aina ya tatu, za unene wa wastani, zenye mgongo laini katikati na kashata fupi pembeni. Kwenye lami unakwendea mgongo, mchangani zile za pembeni zinashika. Nijaze upepo mwingi mjini, na kwenye mchanga nipunguze.

— Sasa alikudanganya wapi?

— Hakunidanganya! Yakoub alikaribia kulia. — Mimi mfanyabiashara, Ami! Mtu akinionyesha kulia, najua mali iko kushoto. Mtaa mzima unasema anamtaka bibi huyu. Nani angedhani angeniambia kweli?

Kicheko kikaangusha watu wawili kutoka barazani. Lakini Thuwaiba hakucheka. Alimwacha Yakoub, akamwendea fundi hadi akamkanyaga kidole.

— Ulimwambia hivyo?

— Nilimwambia.

— Alhamisi? Baada ya kusoma barua yangu?

— Barua gani? aliuliza Ami. Shangazi Mboni akaanza kutazama paa kwa makini sana.

— Baada, alisema Fadhil.

— Basi ulitaka niolewe naye! Ungemwambia achukue zile za kipara tu, neno moja, nami nikawa huru. Miaka mitatu sijakusikia ukisema kitu, na siku uliyofungua mdomo umenigawa!

Fadhil akasimama. Spana ilikuwa bado mkononi. Jasho lilimtoka kama yeye ndiye aliyesukuma baiskeli.

— Ningemdanganya Yakoub, alisema, — lakini angepanda Yakoub? Ungepanda wewe. Unakwenda Tongoni na mkoba wa mkunga, unarudi umechoka, lori linakupita ubavuni. Ungeanguka wewe. Mimi niko tayari uolewe na mtu mwingine, Thuwaiba. Siko tayari uanguke.

Yakoub alikohoa, akatazama viatu vyake.

— Na hayo maneno yote ulikuwa umeyaweka wapi? aliuliza Thuwaiba, sauti imekuwa ndogo ghafla.

— Nilidhani mkunga hatataka mikono yenye grisi.

— Unajua yangu huwa na nini?

Ami Mwinyijuma akapiga bakora chini mara mbili.

— Nyinyi wawili, hapa ni barazani kwangu. Fadhil, unao wazee wa kuwatuma, au nivae kofia nijitume mwenyewe?

— Ninao, Ami.

— Walete Jumatatu. Mahari anaijua kila mtu.

Yakoub alijifuta uso kwa leso, akashusha pumzi, kisha akaanza kucheka mwenyewe, kicheko cha mtu aliyeshindwa mchana kweupe.

— Jozi ya aina ya tatu imebaki moja dukani, alimwambia Fadhil. — Nakuwekea. Lakini bei sipunguzi!

Ndoa ilifungwa mwezi wa mfungo mosi, tairi mbili zikawekwa juu ya jamvi mbele ya shehe, zimefungwa utepe. Maharusi wakaingia fungate, siku saba za kukaa ndani, chakula kikiletwa mlangoni.

Siku ya tatu asubuhi, shangazi Mboni aliingia na sinia la pilau chini ya kawa, akamkuta bwana harusi kitandani peke yake, amekumbatia mto.

— Mke yuko wapi?

— Amekwenda Tongoni. Mke wa Haji ameshikwa na uchungu.

— Kwenye fungate? Na hina mikononi?

— Mtoto hakujua kuna fungate, shangazi.

Shangazi alisimama, akafikiri, akavua kandambili. — Basi sogea. Haiwezekani hiki chote ukile mwenyewe.

Thuwaiba aliingia adhuhuri imepita, vumbi hadi kwenye hina, ameng'aa kama sahani.

— Wa kike! alisema. — Mama mzima, mtoto mzima. Na zile tairi, Fadhil! Kwenye lami sikusikia kitu. Mchangani nikapunguza upepo, zikaenda zenyewe. Lo, njaa! Akafunua kawa. Sinia lilikuwa jeupe. — Hamkunibakishia hata kidogo?

— Nimebaki mimi, alisema Fadhil.

Shangazi Mboni alichukua sinia lake kwapani, akatoka akicheka, akaufunga mlango kwa nje.