Boksi la Bodi ya Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Kabura alipitia kwenye kibanda cha mamake karibu na uwanja wa Ruring'u. Alifagia mlangoni, akapanga viti viwili vya wateja, kisha akabonyeza kitufe cha kompyuta. Kompyuta ililia "pii!" mara moja, na mamake, Njoki, hakukosa kusema, "Haya, Baba Kabura ameamka. Tufanye kazi."

Baba Kabura hakuwa ameamka. Alizikwa Endarasha mwaka uliotangulia. Lakini kompyuta ile aliiunda mwenyewe, skrubu baada ya skrubu, na mlio ule ndio sauti pekee aliyowaachia. Mama aliitumia kuchapa barua za watu, ratiba za kanisa na mitihani ya shule za karibu.

Siku hizo kompyuta ilikuwa imechoka. Wateja walisubiri, wakapiga miayo, wengine wakaenda zao. Kabura alikuwa Gredi ya Nane, na darasani alijiona bingwa wa kompyuta. Aliumia kumwona mamake akiomba watu radhi kutwa nzima.

Ndipo rafiki yake Tabby akamletea prosesa iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu ya ofisini kwa kakake. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta.

"Hii iko na nguvu kuliko yenu," Tabby alisema. "Unatoa ile, unaweka hii. Ni hivyo tu."

"Una uhakika itaingia?"

"Ati itaingia? Si ziko saizi moja? Angalia!"

Ni kweli, zilikuwa na ukubwa mmoja. Lakini hata kiatu cha kushoto na cha kulia vina ukubwa mmoja, na bado huwezi kuvibadilisha miguu.

Jumamosi, mama alipokwenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani, Kabura alifungua kasha la kompyuta. Ndani mlikuwa na bodi mama, ule ubao mpana unaobeba prosesa na sehemu nyingine zote. Ilikuwa na nafasi nne ndefu za kuchomekea kadi, zote tupu. Kabura alimhurumia baba. Alidhani baba alifariki kabla ya kuimaliza kazi yake.

Akatoa prosesa ya zamani, akaweka ile ya Tabby. Haikukaa. Mapengo yake ya pembeni hayakulingana na vijino vya bodi. Angeachia hapo, hakuna kitu kingeharibika. Lakini aliisukuma kwa kidole gumba, na kitu kikasema "kri". Alipoiinua aliona pini za bodi, nyembamba kama nywele, zimelala upande. Akarudisha prosesa ya zamani haraka, akafunga kasha, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Hakukuwa na "pii".

Mama aliporudi, mvua ilikuwa ikinyesha. Kabura alisema maneno yaliyomjia kwanza.

"Mama, stima ilipotea, halafu ikarudi na nguvu. Kompyuta imekataa kuwaka."

Alitarajia kugombezwa. Mama hakumgombeza. Aliketi polepole kwenye kiti cha mteja, akajifunika uso kwa leso.

"Ni mimi," akasema. "Babako alinikumbusha kila siku, mvua ikikaribia chomoa waya. Na leo nimeenda bila kuchomoa. Nimeua kitu chake kwa mikono yangu."

Jumapili mama hakugusa chakula cha mchana. Alisimama mbele ya picha ya baba ukutani, na Kabura akamsikia akinong'ona, "Nisamehe, Mutahi." Hakuna adhabu ambayo ingemchoma Kabura kama maneno yale mawili.

Jumatatu baada ya masomo waliipeleka kompyuta mjini Nyeri kwa Gicheru, fundi aliyekuwa rafiki wa baba. Gicheru alifungua kasha, akatoa prosesa, akamulika tochi kwenye soketi, mahali prosesa inapokaa. Alitazama kwa muda mrefu. Alipoinua kichwa alimtazama Kabura.

"Mama Kabura," alisema, "stima haipindi pini."

"Sijakuelewa, fundi."

Gicheru alianza kuipangusa tochi ambayo haikuwa na vumbi lolote. Kabura akajua anapewa nafasi ya kusema ukweli.

"Ni mimi, mama," akasema huku machozi yakimtiririka. "Stima haikupotea. Nilifungua nikalazimisha prosesa ya Tabby. Nilitaka iende mbio ndio wateja wasiwe wanaenda."

Mama alimgeukia. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilidhani hujui mambo ya bodi."

"Mimi sijui. Lakini babako aliandika."

Mama alitoa mkobani boksi la ile bodi, ambalo Gicheru alikuwa amemwomba kwa simu aje nalo. Kabura alilijua. Lilikaa chini ya kitanda cha mama, likiwa na miwani ya baba na karatasi ya wasifu iliyosomwa siku ya mazishi, na hakuwahi kuligusa kwa sababu ya uchungu. Mama aliligeuza. Chini yake kulikuwa na mwandiko wa baba: orodha ya prosesa zote zinazokubaliwa na bodi ile. Ya mwisho ilizungushiwa duara, na kando yake maneno haya: "Hii ni ya Kabura akifika Gredi ya Tisa. Nafasi za kadi nimeziacha wazi makusudi. Tutazijaza pamoja."

Kabura alilia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Mutahi hakununua bodi ya siku moja," Gicheru alisema. "Alitafuta ile itakubali prosesa kubwa baadaye, na iko na nafasi za kuongeza vitu. Kila bodi iko na soketi yake na orodha yake, Kabura. Saizi haikuambii kitu."

Pini zilikataa kunyooka. Gicheru akaweka mezani bodi mbili zilizowahi kutumika, zenye soketi kama ya zamani. Ndogo ilikuwa na nafasi moja ya kadi, kubwa ilikuwa na tatu. "Hii ndogo inatosha kwa leo," alisema. Kabura alisoma orodha za zote mbili, mstari kwa mstari, kisha akamgeukia mamake.

"Mama, unaonaje tukichukua kubwa? Inakubali ile prosesa baba alizungushia." Mama akatikisa kichwa kukubali.

Kesho yake Gicheru aliiwasha kibandani. Barua na mitihani yote ilikuwepo. Mama alisimama akingoja mlio.

"Bodi hii haina spika ya kutoa ule mlio," Gicheru alisema kwa upole.

Mama aliinamisha kichwa. "Pole, mama," Kabura akasema. "Nimeua sauti ya baba."

"Bodi nimekusamehe," mama alijibu, akimvuta karibu. "Lakini kwa siku mbili nilibeba kosa lako nikidhani ni langu. Nilimwomba babako msamaha kwa jambo ambalo sikufanya. Ukiharibu kitu, njoo uniambie siku hiyo hiyo. Ukidanganya, kuna mtu mwingine analia badala yako."

Asubuhi iliyofuata Kabura alifagia, akapanga viti, akabonyeza kitufe. Kompyuta iliwaka kimyakimya.

"Pii," Kabura akasema mwenyewe, polepole.

Mama akapangusa macho. "Haya," akasema. "Tufanye kazi."