Sarafu Yenye Tundu

Kila asubuhi kabla ya shule, binti wa fundi viatu alifagia kibanda cha baba yake, akapanga misumari midogo kwenye makopo, kisha akafunga chumba chao. Kwenye ufunguo wa chumba, kwa uzi mweusi wenye nta, ilining'inia sarafu ya kigeni, ya manjano, yenye tundu katikati. Ilikuwa ya mama.

Mama alifariki miezi mitano iliyopita kwenye zahanati. Jengo lilikuwa jipya, na ukutani palikuwa na jiwe lenye jina la mkubwa aliyelizindua. Dawa ndizo hazikuwepo.

Wiki ile ofisi ya makaburi ilibandika tangazo: kaburi lisilo na alama litasawazishwa Ijumaa, azikwe mwingine. Kaburi la mama watu wa ofisi wenyewe walikuwa wameliandikia namba, kwa rangi hafifu. Mvua ya kwanza tu, namba ikafutika.

"Rangi yao, kosa letu," baba alisema. Alikwenda kuuliza bei ya kibao cha saruji, ikamshinda.

Jumatano, baba alipokwenda kununua soli, binti alichukua kisu cha viatu akakata uzi. Alikwenda moja kwa moja kwa sonara mzee aliyeitwa Miwani, kwa sababu alivaa mbili kwa pamoja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeniletea pete ya uchumba?"

"Dhahabu, babu. Nataka kuiuza."

"Dhahabu! Basi nifunge mlango, wezi wasituvamie."

Aliisugua sarafu kwenye jiwe jeusi, akadondosha tone la dawa ya kupimia dhahabu. Alama ya manjano ikachemka, ikatoweka.

"Shaba hiyo," alisema Miwani. Alitoa kitabu chakavu cha picha za fedha za dunia, akalamba kidole, akafunua kurasa. "Hii hapa. Yeni tano, ya Japani. Ona, suke la mpunga. Mistari hii ni maji. Meno haya yanayozunguka tundu ni gurudumu la mashine. Wenzetu wameweka kazi kwenye hela. Sisi tunawekewa vichwa vya wakubwa."

"Inanunua nini?"

"Huko kwao? Labda peremende moja, tena ukibembeleza. Umeipata wapi?"

"Nimeiokota."

Miwani aliuvuta uzi uliobaki kwenye tundu. "Na nta yake? Viatu vyangu vimeshonwa kwa uzi huu huu. Ichukue, mjukuu wangu, nenda kamwambie baba yako kabla sijamwambia mimi."

Nyumbani alimkuta baba amekaa na ufunguo mtupu mkononi.

"Ni mimi, baba," binti alisema, machozi yakimtoka. "Nilidhani ni dhahabu. Nilitaka tumnunulie mama kibao. Miwani anasema haina thamani."

Baba aliuweka ufunguo chini.

"Mama yako alijua si dhahabu," alisema. "Alipokuwa akifua mashuka nyumba ya wageni, mgeni mmoja aliugua. Akamfulia na kumpikia uji siku tatu. Siku ya kuondoka mgeni akampa hii. Alipoipeleka benki, karani hakuinua hata kichwa: hatuchukui chenji za kigeni. Wafuaji wenzake wakamcheka. Akaniambia, 'Baba watoto, amenipa kwa mikono miwili. Miaka yote hii bosi ananirushia mshahara mezani.'"

Binti alishindwa kuinua uso.

Kesho yake baba aling'oa ubao mgumu wa benchi lake la kazi. Yeye kuandika kulimshinda, hivyo binti alichora jina la mama kwa chaki, na baba akalifuata kwa chuma cha moto, herufi moja moja. Kaburini, aliweka sarafu juu ya jina, akapitisha msumari wa viatu kwenye tundu, akagonga.

"Wataiiba, baba."

"Wakaiuze wapi? Hata benki wameikataa."

Walicheka kidogo, kisha wakalia wote wawili.

Ijumaa msimamizi alipita na daftari lake. Alisoma ubao, akaandika kwamba kaburi lina alama, akaenda zake bila pole.

Baba alimshika binti bega. "Ulitaka jambo jema, mwanangu, lakini ulilifanya kwa wizi na uongo, na nusura upoteze kumbukumbu ile ile ya mama yako uliyotaka kuitunza. Bei ya sarafu iko kwenye kitabu cha Miwani. Thamani ya hii ungeniuliza mimi."