Sauti Isiyochelewa

Saa 3:05 asubuhi, Jumapili.

"Lukasi yuko Usangi kwenye ubatizo," Chande alisema. "Kanisani huwa anazima simu. Tuna mpaka saa tano."

Walikuwa watatu katika chumba cha nyuma cha karakana ya kuchomelea vyuma, Same mjini. Chande, mwenye mchongo. Husna, dereva. Na Clemence, fundi wa kompyuta. Dirisha dogo lilitazama ng'ambo ya barabara, kwenye stoo ya Lukasi, mnunuzi wa vito. Humo ndani kulikuwa na mfuko wa mawe ya kijani na mlinzi mmoja mzee, Paschal.

Mpango ulikuwa mwepesi kuusema. Clemence alikusanya hotuba za Lukasi za kwenye harambee, akailisha programu ya kubadili sauti. Chande angeongea, kompyuta ingetoa sauti ya Lukasi. Angesema simu yake imezima, anatumia ya mchungaji, na kwamba mzigo apewe dada aliyetumwa. Husna angekuwa mlangoni. Dakika tano baadaye wangekuwa wanaitafuta Lembeni.

Shida ilikuwa moja tu. Sauti ilichelewa.

Alhamisi walijaribu kwa kumpigia mama mmoja mwenye nyumba ya wageni. Chande alisema neno, sekunde nzima ikapita, ndipo Lukasi akasikika. Mama wa watu aliita halo mara tatu, akaanza kuyakatiza maneno ya Lukasi, mwishowe akakata.

Chande aliweka bastola mezani. Mguu wa kuku, ndivyo alivyoiita, na aliitaja kwa mapenzi kabisa.

"Leo ikichelewa, Clemence, wewe hutoki humu."

Clemence aliamini kila neno. Alikuwa anamjua Chande vya kutosha.

Saa 3:30.

Alianza na spika za masikioni zisizo na waya. Akazitupa pembeni, akachomeka za waya zenye kinasa sauti, maana zile za hewani peke yake zilikuwa zinakula karibu robo sekunde. Akafunga kila programu iliyokuwa inajiendesha bila kuulizwa. Akaunga chaja ili mashine isijibanie nguvu. Kisha akaingia kwenye foleni yenyewe.

Kompyuta haiachii sauti papo hapo. Inaikusanya kwanza kwenye foleni, inaibadili, ndipo inaitoa. Foleni ndefu hutoa sauti safi iliyochelewa. Foleni fupi huwahi, lakini ikizidi ufupi, sauti inakwaruza. Clemence akaipunguza nusu. Akaipunguza nusu tena. Lukasi akakwaruza kama redio mbovu, Clemence akarudi hatua moja.





Husna akainama karibu, akashusha sauti. "Sikia. Mimi injini siizimi. Ukizuka msala, simsubiri mtu. Wala yeye."

Clemence alitamani naye angekuwa na gari.

Saa 4:02.

"Moja, mbili," Chande alisema kwenye kinasa sauti. Lukasi naye akasema moja, mbili, kabla Chande hajafumba mdomo.

"Umeua, mwanangu," Chande alicheka.

Kwa dakika moja hivi Clemence alijivunia, Mungu amsamehe. Akaweka kidole kwenye kitufe cha kunyamazisha sauti. Akikishikilia, hakuna kinachotoka. Kilikuwa cha dharura, endapo Chande angekohoa au kutukana.

Saa 4:10.

"Halo, Paschal. Ni mimi Lukasi. Simu yangu imezima, natumia ya mchungaji."

Clemence alisogeza sikio kwenye spika za Chande.

"Lukasi?"

"Ndiyo. Kuna dada yuko hapo mlangoni. Mpe ule mfuko wa mawe ya kijani."

Dirishani walimwona Paschal akitokea nyuma ya nondo za mlango, simu sikioni. Alimtazama Husna, aliyekuwa ameshaegesha gari mbele ya stoo. Alilitazama lile gari kwa muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Shikamoo, bosi."

"Marahaba," Chande aliitika.

Clemence alishtuka. Mzee wa miaka sabini anampaje shikamoo mtu wa arobaini? Akabonyeza kitufe, lakini neno lilikuwa limeshafika. Kwa mashine ya Alhamisi angekuwa na sekunde nzima ya kulizuia.

"Lukasi ni mtoto wa dada yangu," Paschal alisema. "Nimemlea mimi. Pamoja na utajiri wake wote, shikamoo ananipa yeye, na hata siku moja hajaipokea kwangu. Wewe ni nani?"

Hawakuwa wamelijua hilo. Husna alipopeleleza aliambiwa tu kuna mlinzi mzee.

Paschal akapuliza filimbi. Vijana wa bodaboda kijiweni wakageuka. Gari la Husna likaruka kuelekea barabara kuu, wala halikupunguza mwendo mbele ya karakana.

"Umechelewesha," Chande alisema.

"Haikuchelewa, Chande. Umesikia mwenyewe, ilifika hapo hapo."

Chande alivua spika na kuzitupa chini. Akamfyatulia risasi, akatoka kwa mlango wa nyuma, akakimbilia relini.

Saa 4:16.

Clemence alikuwa chini ya meza, paja limefumuka, damu ikitafuta njia kwenye sakafu. Nje kulikuwa kimya. Mlio wa risasi ulikuwa umewatawanya wote. Alijaribu kupiga kelele, ikatoka pumzi tu. Aliogopa kufa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote.

Kinasa sauti kilikuwa kimeangukia karibu na kidevu chake. Simu ilikuwa bado hewani. Kwenye spika alimsikia mzee akihema.

"Mzee Paschal, nisaidie," alinong'ona. "Nimepigwa risasi. Niko karakana, ng'ambo yako."

Aliyeomba alikuwa Lukasi, kwa sauti safi, tena bila kuchelewa.

"Mzee, mimi si yule. Naitwa Clemence. Hii sauti si yangu." Alinyoosha mkono kuitafuta kompyuta mezani. Mkono ukafika nusu, ukaanguka.

"Nimeshakujua," Paschal alisema. "Hunitoi humu."

Simu ikakatwa. Ng'ambo ya barabara, mlango wa chuma ulifungwa kwa ndani.