Binti Yangu Aliimba Jina Tulilolizika

Mimi ni mjane, niko na miaka sabini na moja. Ninaishi kwa boma langu nje kidogo ya mji wa Kajiado, na mbuzi wachache na kuku. Shule sikuenda. Kusoma na kuandika nilifunzwa kwa darasa la ngumbaru nikiwa tayari na umri wa nyanya, kwa hivyo nikikosea mahali mnivumilie. Siandiki ili mnionee huruma. Ninaandika kwa sababu kuna kina mama wanaofanya leo kile nilichofanya mimi, na wanafikiri wanafanya vizuri...

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa kijana. Wa pili alikuwa msichana, Resiato. Huyo kijana alipofika umri wa kuchunga ndama, nilimtungia wimbo. Haukuwa wimbo mkubwa. Jioni nilisimama kwa lango la boma na kumwita arudi na ndama kabla fisi hawajatoka. Kila mstari uliishia kwa jina lake. Akiusikia kule mbali alijibu kwa mluzi. Resiato naye alishika shuka yangu na kuimba pamoja na mimi.

Mwaka mmoja wa kiangazi, kijana alishikwa na homa asubuhi. Kabla hatujafika hospitali... alikuwa ameenda.

Kwetu sisi Wamaasai, mtu akifa jina lake halitajwi tena nyumbani. Ukilitaja unawafungulia wenyewe kidonda. Hata mimi, watu walikuwa wananiita mama wa huyo kijana, na kutoka siku hiyo nikawa Mama Resiato. Ndiyo maana hapa pia sijaliandika.

Wimbo nao ukaisha. Resiato aliuliza kaka yake ameenda wapi na mbona siimbi. Nilimchapa. Akauliza tena, nikamchapa tena. Basi akanyamaza. Mimi nikajiambia amesahau. Mtoto wa miaka sita, si atasahau tu?

Miaka ilienda. Resiato alisoma, akapata kazi ya kufundisha nasari huko Kitengela. Miaka ya tisini akaja mzungu mmoja kufundisha kwa chuo kidogo hapo hapo, jina lake Donali, mtu wa Ayalandi. Alikuwa na fidla. Alipenda kukaa na wazee, na maziwa ya kibuyu aliyanywa bila kukunja uso. Alileta ng'ombe kama mwanamume mwingine yeyote, na mzee wangu akakubali. Nitamsema vibaya? Hapana. Ubaya haukutoka kwake.

Wakahamia kwao. Resiato alikuwa anapiga simu mara moja moja kwa duka la jirani yetu, na mimi ninaitwa mbio. Mwanzoni alilia tu. Baridi, upweke, watu wanamwangalia kila akipita. Halafu sauti yake ikabadilika. Alikuwa amejifunza lugha yao. Si Kiingereza, ile yao ya zamani kabisa, ambayo hata wenyewe wengi walikuwa wameiacha na sasa wanafundishwa shuleni kama wageni. Nilishangaa sana. Kumbe hata mzungu anaweza kupokonywa lugha ya mama yake?

Akanieleza kuhusu mashindano. Alisema huko kuna nchi kadha ambazo lugha zao ni ndugu, vile sisi ni ndugu na Wasamburu. Kila mwaka wanakutana, na kila nchi inaleta wimbo mmoja kwa lugha yake. Lazima uwe mpya, haujawahi kuimbwa na mtu. Lakini kwanza nchi yenyewe inashindanisha watu wake nyumbani ili ichague wimbo wa kupeleka. Yeye na Donali walikuwa wameingia mara nyingi, na kila mara waliachwa hapo nyumbani.

Mwaka mmoja karibu na mwisho wa miaka hiyo ya tisini, akapiga simu akicheka, akaniita yeyo, yaani mama.

"Yeyo, wametuchagua," akasema. "Mimi Mmaasai ndiye nitawaimbia lugha yao."

Nilirudi boma nikipiga vigelegele njia nzima! Nani kati yenu hangefurahi?

Walikuja nyumbani kabla ya mashindano, ili tuwabariki. Walikodi nyumba Kitengela, wakachinja mbuzi, wakaita jamaa. Wamama wa rika langu walikuja wamevaa shanga zao zote. Tulipomaliza kula, Donali akaweka kaseti kwa redio.

Sauti ya Resiato ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Maneno hatukuyajua hata moja. Wamama walikuwa wanatikisa vichwa, mmoja akasema kwamba hiyo lugha inasikika kama mtu anakula uji moto. Tukacheka. Lakini mimi niliacha kucheka mapema. Hiyo sauti ya kupanda na kushuka niliijua. Na mstari ulipofika mwisho, katikati ya hayo maneno ya kizungu, nikasikia jina la mwanangu.

Mstari wa pili, jina. Mstari wa tatu, jina!

Wamama waliweka vikombe chini. Mzee wangu aliinuka, akachukua fimbo yake, akatoka bila kuaga. Alienda kupanda gari akarudi Kajiado. Donali alikuwa anatuangalia mmoja mmoja, hajui amekosa nini.

Nilimfuata Resiato jikoni. Nikamwambia aliondoe hilo jina. Akasema haiwezekani, wimbo umepita vile ulivyo. Nikamuuliza, mume wake ameambiwa wimbo ni wa nani? Alikuwa anaosha kikombe ambacho kilikuwa kimeoshwa tayari.

"Nilimwambia nimeutunga mimi," akasema. "Yeyo, sheria yao ni wimbo mpya. Wakijua ulikuwa wako, wanautupa. Na mimi wananitupa."

"Na ndugu yako?"

"Yeye alishakufa. Mimi bado ninaishi na hao watu."

Ee Mungu! Mtoto niliyemzaa ndiye alisema hivyo. Kisha akanishika mkono, akasema kuna mtu wa redio kutoka kwao atakuja boma letu kurekodi habari za nyumbani kwa mwimbaji. Akiniuliza juu ya wimbo, nijibu siujui. Hayo tu. Nijibu siujui...

Nilirudi Kajiado, nikamkuta mzee ameketi nje. Niliwaza kwa siku hizo zote. Nikisema ukweli, ninamharibia binti. Nikisema siujui, ni kama nimesema sikumzaa yule mwingine. Mama achague vipi hapo?

Mgeni wa redio akafika, pamoja na Resiato na Donali, kwa gari la kukodi la Kitengela. Dereva alikuwa Mluhya mmoja mchangamfu, Wafula. Nikawapa chai. Mgeni akaweka kinasa sauti kwa kigoda, akauliza maswali, Resiato akawa ananitafsiria. Aliuliza binti yangu alifundishwa wapi kuimba.

Nilikuwa nimeamua. Nikajibu kwa Kimaasai, polepole, nikimwangalia mgeni. Nilisema wimbo huo ni wangu. Nilisema nilikuwa ninamwitia mwanangu na ndama, kwamba alikufa, na kwamba sisi jina lake hatulitaji. Nilisema ninaomba walitoe.

Resiato akatafsiri. Mgeni akatabasamu, akanipigia makofi.

Jamani... mtu unamwambia mtoto wako alikufa, anakupigia makofi? Nikamwangalia Resiato, akaangalia chini. Hapo nikajua hajatafsiri hata neno.

Basi nikamgeukia dereva, nikaongea Kiswahili.

"Wafula, wewe unajua Kizungu. Mwambie huyu mgeni vile nitasema."

"Mama, mimi ni dereva tu."

"Dereva hana mdomo? Chai yangu umekunywa na nini?"

"Yeyo, tafadhali," Resiato akasema. Alisema kwa sauti ndogo, ile ya utotoni.

Niliisikia. Msifikiri sikuisikia! Lakini nilisema yote kutoka mwanzo, na Wafula akayageuza Kiingereza, kofia yake mkononi. Alipofika kwa mtoto kufa, akakwama, akanitazama, nikamwambia endelea. Mgeni hakutabasamu tena. Akanyoosha mkono akazima mashine. Donali alimuuliza mke wake kitu kimoja kifupi. Resiato akaanza kukusanya vikombe. Donali akainuka akaenda kusimama karibu na mbuzi, ametupa mgongo.

Wakati wa kuondoka Resiato alinikuta kwa lango, pale pale nilipokuwa ninaimbia.

"Nilikuwa na miaka sita," akasema. "Asubuhi niko na ndugu, jioni sina ndugu, sina wimbo, na nikiuliza ninachapwa. Kule Ayalandi hakuna wa kunichapa. Ndiyo nikauimba."

Je, nilikuwa na la kumjibu? Nilikuwa nalo. Nilimwambia mwizi hakosi sababu. Hilo ndilo neno alilopanda nalo gari.

Wimbo uliondolewa, nchi yao ikapeleka wa watu wengine. Nilisikia kwa jamaa kwamba aliaibishwa sana huko, na kwamba yeye na Donali hawaimbi tena pamoja. Simu kwa duka la jirani ikanyamaza. Mzee wangu aliugua, akafa, tukamzika bila binti yake. Wamama waliniambia nilifanya vizuri, nilimtetea marehemu. Walinisifu, halafu wakaenda makwao kwa watoto wao! Mimi nikabaki na boma kimya. Mmoja nilinyamaza juu yake, na mwingine nikamnyamazisha kwa kiboko. Sasa sina wote wawili.

Je, kuiba wimbo ni sawa? Si sawa. Kumdanganya mume si sawa, na nikimwona Resiato leo nitamwambia. Lakini huyo mtoto alikuwa amefiwa kama mimi, na katika nyumba nzima hakuna aliyemwambia pole. Desturi yetu inasema tusitaje jina. Haikusema tusimshike mtoto mkono! Hayo ya kiboko niliyaongeza mimi.

Miaka michache iliyopita simu za mkono zilipofika hata kwetu, nilimwomba jirani apate namba yake na anipigie. Iliita sana. Akashika. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakapotea. Nikaanza kuimba. Nilikuwa sijauimba miaka zaidi ya thelathini. Sauti ni ya mzee, inakatika katika. Nikafika mwisho wa mstari, mahali pa jina... nikakwama. Sikuweza.

Kule upande wa pili, Resiato akaliimba yeye.

Kisha akakata simu. Hajapiga tangu hapo, na mimi sijui kama atapiga.

Ninyi mnaosoma, mkifiwa na mtoto, msiwanyamazishe wale waliobaki. Wakae karibu na nyinyi, waulize, walie, wataje. Wazee wenu wakikasirika, waonyesheni mkasa huu, wanikasirikie mimi. Niko na umri wa kukasirikiwa.

Na kama Resiato atausoma mahali alipo: jioni mimi husimama kwa lango. Mwanangu wa kwanza aliitwa Lemayian.