Ubaridi wa Jumapili

"Weka hiyo fanksheni ya uhamisho kwenye ripoti, saini, tumalize," Injinia aliniambia. Alikuwa ameuziba mlango wa chumba cha mitambo, hata hewa ingebidi ibishe hodi.

Injinia ni bosi wangu, na Jumamosi alikuwa awe mume wangu. Kadi zilishagawiwa. Baba yangu, ambaye miguu imemwishia nguvu, alikuwa akimsimulia harusi kila anayepita mlangoni. Ningekwenda wapi?

Tulikuwa tunatengeneza modeli ya hesabu ya kiyoyozi cha jengo letu la ofisi. Njia ni mbili. Fanksheni ya uhamisho inatazama kinachoingia na kinachotoka, kana kwamba chumba kilianza kimetulia, hakina jana. Mlinganyo wa tofauti haukubali: joto la sasa unalipata kwa joto la saa iliyopita, kwa hiyo lazima ufungue vipimo vya nyuma. Mimi niliutaka huo. Yeye wiki nzima alinikatalia, mara kwa kubembeleza, mara kwa ubosi. Nilidhani ni kiburi cha kazi tu. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshavifungua vipimo hivyo. Siku za kazi, hakuna neno. Kila Jumapili, jengo likiwa limefungwa, chumba kimoja tu kilikuwa kinapozwa: ofisi ya mhasibu, yule dada anayenichekea kwenye ngazi. Na Jumapili Injinia huwa kwa mama yake. Ndivyo anavyoniambia.

Nikamwandikia mama mkwe: "Shikamoo mama. Asante kwa kunitunzia mwanao kila Jumapili."

Akajibu: "Marahaba mwanangu. Jumapili gani? Tangu mwaka jana simwoni, nilijua mko wote."

Nilimpa Injinia simu asome. Akakaa juu ya sanduku la vifaa. Hakukana. Alisema ni shetani, alisema yameisha, akaniomba tuanze moja kama vile hakuna kilichotokea. Kisha sauti ikabadilika.

"Jumamosi utafika tu," alisema taratibu. "Baba yako utamwambia nini? Unataka umuue kwa aibu?"

Hapo alinipatia. Nilimchukia, na nikajichukia zaidi kwa kuogopa. Nilikaa na hofu hiyo mpaka nikaichoka, nikampigia baba, nikamweleza yote nikilia.

Baba akaniuliza jambo moja tu.

"Mama, huyo kijana unampenda?"

"Hapana, baba. Muda mrefu sasa. Nilikuwa navumilia kwa ajili yako, ulivyofurahi."

"Mimi?" Nikasikia anahema. "Mimi sikumpenda tangu siku ya kwanza. Hizo furaha zote nilikuwa najilazimisha, nikijua moyo wako uko kwake."

Nikafuta machozi.

"Toka hapo, mama," akasema. "Njoo nyumbani tucheke."