Siku Jina la Marceline Lilipofutwa

— Marceline! Toka mu mayi!

Marceline alisikia, lakini hakusimama. Zilibaki mita kumi na tano. Akazimaliza, akagusa ukuta, ndipo akainua kichwa. Ukingoni mwa bwawa la cité, mtaa wa Waafrika, alisimama Stanislas, mchumba wake, suti ya kijivu mwilini na kofia mkononi, kama mtu aliyekuja matangani.

— Dakika moja na sekunde arobaini, alisema Moniteri Rigobert, mwalimu wa kuogelea, macho kwenye saa yake kana kwamba hakuna mgeni.

— Bonjour kwanza, Stani, alisema Marceline.

— Bonjour ya nini? Komisyo inakuya ku nyumba yangu samedi, saa tisa ya muchana. Lazima bakukute pale.

— Samedi asubui tunapanda train ku Jadotville. Dimanche njo mashindano. Unajua tangu mwezi wa sita.

— Mashindano iko kila mwaka. Karte, bantu banaomba mara moja tu.

Ilikuwa Septemba 1956, Élisabethville ya Katanga, chini ya Wabelgiji, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Stanislas, mtoto wa Kasai na karani wa reli, alikuwa ameomba karte ya immatriculation. Mweusi aliyeipata alihesabiwa mbele ya sheria karibu sawa na mzungu. Lakini kwanza komisyo ilikuja nyumbani kukagua: vitanda, vitabu, uma na visu mezani, na mwanamke wa nyumba anavyoongea. Kwenye fomu Stanislas alikuwa ameandika jina la Marceline kuwa mwanamke wa nyumba, na sasa ukaguzi na safari ya Jadotville viliangukia Jumamosi moja.

— Bataniuliza fianse yako anafanya nini, alisema kwa sauti ya chini. Niseme nini? Anavua nguo mbele ya bantu?

— Sivui. Navala costume ya kuogelea, masista njo balishona. Na kazi yangu iko ku maternité, nasaidia bamama kuzaa, unaijua.

— Marceline, nakuomba.

— Stani, ulinipendea mu mayi. Sasa unataka nikauke?

Hilo lilikuwa kweli. Mwaka 1954, siku Marceline aliposhinda ubingwa wa cité kwa mara ya kwanza, Stanislas ndiye aliyekuwa akiandika matokeo ubaoni. Alikosea muda wake kwa sababu alikuwa akimwangalia. Alikwenda kuomba msamaha, na hakuacha kwenda tena.

Marceline Nkandu alizaliwa Pweto. Baba yake, Godefroid, alimtia katika ziwa Mweru akiwa na miaka minne, akamshika tumbo hadi alipoelea mwenyewe. Baadaye reli ilimwita Godefroid Élisabethville, na msichana akakaa miaka mingi bila maji ya kuogelea, mpaka bwawa la cité lilipofunguliwa na wanawake wakapewa mardi na jeudi, Jumanne na Alhamisi. Mwaka 1955 alikwenda Jadotville kugombea ubingwa wa Katanga, mita mia. Edith, bingwa wa kule, alimpita kwa urefu wa mkono mmoja tu. Mwaka mzima Marceline alifanya mazoezi kwa ajili ya mkono huo.

— Nitaenda Jadotville, alisema.

Stanislas akavaa kofia, akaondoka bila kuaga.

Jeudi Marceline alipofika bwawani, Moniteri Rigobert alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa na saa mkononi. Alikuwa na karatasi.

— Mama Marceline, usivale costume leo.

— Juu ya nini, Moniteri?

— Bamekufuta. Katibu wa mashindano alipata barua jana. Kuko mutoto mwingine atashika nafasi yako.

Marceline akaipokea. Ilikuwa kwa Kifaransa safi, mistari imenyooka:

«Bwana Katibu, kwa huzuni nakujulisha kwamba binti yangu Marceline anaugua kifua. Daktari amemkataza maji baridi. Tafadhali ondoa jina lake. Mimi baba yake, Godefroid Nkandu.»

Chini kulikuwa na sahihi ndefu yenye mkia.

— Uko mugonjwa kweli? aliuliza Rigobert taratibu.

— Moniteri, baba yangu hajue kuandika. Ku mushahara anatiaka kidole.

Hakuhitaji kufikiri zaidi. M ile kubwa yenye kitanzi alikuwa ameiona kwenye kila barua ya mapenzi aliyowahi kupokea.

Alimkuta Stanislas nyumbani kwake, anapanga sahani mpya kwenye meza. Akaweka barua katikati ya sahani.

— Soma.

Stanislas hakusoma. Alikaa.

— Nilitaka samedi ipite tu. Kisha ningesema umepona.

— Ulinitia ugonjwa wa kifua. Ku maternité bakisikia, batanifukuza! Ulifikiri hii?

— Sikufikiri.

— Uliandika jina ya baba yangu.

— Marceline, hii karte siyo yangu peke yangu. Iko ya watoto yetu. Basome ku masomo ya muzuri, basisimamishwe mu barabara na polisi.

— Basi enda sasa hivi kwa katibu, useme ulidanganya.

Stanislas alinyoosha uma mmoja kando ya sahani.

— Siwezi. Katibu anajuana na bantu ba komisyo. Nikisema niliandika barua ya kudanganya, karte imekufa.

— Sawa.

Marceline alivua pete, akaiweka juu ya sahani, akatoka. Njiani alilia, lakini hakupunguza mwendo. Nyumbani alimsomea baba yake barua yote, neno kwa neno, akiigeuza Kiswahili. Godefroid alisikiliza huku ameshika magoti yake.

— Hii hapa chini, njo jina yangu? aliuliza.

— Ndiyo, Baba.

— Nipe hii karatasi.

Kesho yake, vendredi asubuhi, makarani wa reli walimwona mzee mwenye koti la kazi akiingia ofisini. Alivua kofia, akasalimu watu wote mmoja mmoja, kisha akasimama mbele ya meza ya Stanislas.

— Mwana, habari ya kazi?

— Muzuri, Baba, alisema Stanislas, akisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

— Sikukuya kugombana. Nilifanya makumi mbili na moja ya miaka ku reli, hakuna muntu alinionyesha namna jina yangu inaandikwa. We unaiandika muzuri sana. Nionyeshe. Hii ya kwanza njo nini?

Kalamu zote ofisini zilisimama.

— Baba, tuende inje, nakuomba.

— Hapa iko meza. Nionyeshe.

Stanislas aliangalia barua, kidole cha mzee kikiwa juu ya herufi ya kwanza.

— Hii iko G, Baba.

— G. Na hii?

— O.

Hakufika ya tatu. Aliangua kilio palepale, mbele ya wenzake na mbele ya mkuu wake. Godefroid hakumgusa wala hakumtukana. Alikunja karatasi, akamwekea mfukoni mwa koti.

— Unajua mahali ya kuipeleka, alisema, akaenda zake.

Saa sita mchana Stanislas alikuwa mbele ya katibu wa mashindano, Mbelgiji mwenye miwani. Katibu alimwuliza mara mbili kama anaelewa anachosema. Kisha akampa karatasi nyeupe. Stanislas aliandika kwamba barua ile ni yake, kwamba binti ni mzima, na kwamba baba hakujua lolote. Safari hii akatia jina lake mwenyewe.

Alasiri telegramu ilikwenda Jadotville: NKANDU MZIMA STOP RUDISHA JINA STOP.

Rigobert alikimbia hadi kwa akina Nkandu kuwapa habari, bila kofia, shati limelowa.

— Nani alisema kweli? aliuliza Marceline.

— Yeye mwenyewe. Aliandika na akatia sahihi.

Marceline alikwenda kukunja costume yake.

Samedi saa tisa komisyo ilifika kwa Stanislas. Walikuwa watatu. Waliangalia sahani, wakahesabu vitabu. Mmoja wao akatoa nakala ya karatasi aliyoiandika jana yake.

— Ni mwandiko wako?

— Ndiyo, Bwana.

— Basi tumemaliza.

Hawakunywa chai.

Dimanche, Jadotville, bwawa lilizungukwa na watu hadi juu ya ukuta. Edith alikuwa mstari wa tatu, Marceline wa nne. Walisalimiana kwa kichwa. Bunduki ilipolia Edith alitoka mbele, na kwenye mita hamsini bado alikuwa mbele kwa mabega mawili. Rigobert alikuwa akipiga kelele, ila majini Marceline alisikia pumzi yake tu. Alipogeuka mara ya mwisho aliona miguu ya Edith, halafu kiuno, halafu hakuona mtu. Akagusa ukuta.

— Moja, makumi tatu na saba! alilia Rigobert. Mama Marceline, moja, makumi tatu na saba!

Edith akavuka kamba, akamkumbatia.

— Mwaka ingine nakungojea, alisema.

— Utanipata.

Kesho yake, lundi, train iliporudi Élisabethville, Godefroid alikuwa stesheni na majirani. Nyuma yao, peke yake karibu na nguzo, alisimama Stanislas. Marceline alimwendea, medali ikiwa mfukoni.

— Nilisikia, alisema Stanislas. Félicitations.

— Na karte?

— Balikatala.

— Pole.

— Siyo juu yako. Ni mimi njo niliharibu. Marceline, sikuombe pete ikurudie leo. Naomba tu ujue nina haya.

Marceline alimwangalia. Alikuwa amekonda kwa siku nne.

— Niko na kasirani bado, alisema. Haitaisha leo, wala mwezi huu. Ukitaka, ngoja. Ukichoka, enda na amani.

— Nitangoja wapi?

— Mardi na jeudi kuko nafasi inje ya uzio.

Alingoja. Mvua zikaja zikaisha, na kila mardi na jeudi baada ya kazi alisimama nje ya uzio pamoja na wanawake waliongojea binti zao. Wenzake ofisini walimcheka, kisha wakazoea. Mwezi wa tano Marceline alitoka bwawani, nywele zikidondosha maji, akamwambia:

— Mwambie baba yako mukubwa akuye aone baba yangu.

Walifunga ndoa Agosti 1957, katika parokia ya cité. Karamuni, Symphorien, baba mkubwa wa Stanislas aliyetoka Luluabourg, alisimama na glasi yake, akamgeukia bibi arusi mbele ya wageni wote.

— Mwana wetu, sasa uko bibi ya muntu. Mambo ya mayi imeisha, ao namna gani?

Edith, aliyekuja kutoka Jadotville na gauni la manjano, aliacha kutafuna. Marceline alimwangalia mumewe.

Stanislas akasimama, akamjazia mzee glasi.

— Baba mukubwa, alisema, kesho iko dimanche, anapumuzika. Mardi, saa kumi, Moniteri Rigobert anamungojea.